Mkono Wangu, Mtihani wa Rawya

Jumamosi, 11 Januari
Leo nimefanya mtihani wa chuo kikuu, na maswali yote nimeyajibu!
Uongo. Kajibu Rawya, mimi nimeshika kalamu tu. Asiyeona kama yeye hupewa mwandishi, na sharti mwandishi awe na elimu ndogo kuliko yake, asije akamnong'oneza majibu. Basi mji mzima wa Mansura nimeonekana mimi, mpiga pasi, darasa la sita na viboko vingi. Miaka sabini na moja, leo ndiyo kwanza ujinga wangu unaitwa sifa. Alhamdulillahi!
Getini alitungoja Hazim na mikate ya maharage. Yeye na Rawya wanasoma darasa moja. Mwaka wa tatu huu anamrekodia vitabu kwa sauti yake. Angemwandikia yeye, lakini kasoma mno, maskini.

Jumatatu, 13 Januari
Mtihani wa historia. Mfereji wa Suez. Vidole vimekufa ganzi.
Jioni Hazim kaja dukani na shati la kupiga pasi. Halina mkunjo hata mmoja! "Sema ulilojia, mwanangu."
Kamposa Rawya. Kajibiwa: matokeo kwanza, hataki watu waseme amebebwa.
"Sasa unanuna nini? Hajakukataa. Mke wangu, Mungu amrehemu, alinikataa mara mbili, tena mbele ya mama yangu."

Jumatano, 15 Januari
Juzi Rawya alipotulia kufikiri, niliongeza langu. Mistari mitatu! Kwamba babu wa baba yangu alichimba mfereji ule, akarudi bila vidole vya mguu, na vitabu havimtaji. Nilidhani nawasaidia maprofesa. Wakisema ni udanganyifu — mtihani umekwenda, na posa nayo.
Mzee mzima!

Alhamisi, 16 Januari
Nimemwambia, ngazini pale chuoni, Hazim akisikia. Rawya: "Nitajie, neno kwa neno."
Nikamtajia.
"Ami Bayumi! 'Nyumbani tulihadithiwa miguu yake'? Nyumbani kwa nani?" Kacheka mpaka kakaa chini. Halafu kafuta macho. "Twende kwa mkuu wa mitihani."
Hazim: "Wakifuta karatasi nzima?"
"Wafute. Sitaki alama za babu wa mtu."
Kanishika kiwiko mimi, si Hazim! Njiani kaniambia Jumamosi nisichelewe, bado kuna karatasi ya mwisho. Hakunifukuza. Namshukuru Mungu kwa binti huyu kuliko kwa macho yangu mwenyewe.
Sasa yumo ndani, kaingia peke yake. Sisi tuko kwenye benchi, Hazim anatafuna kucha. Mkuu mwenyewe, Daktari wa chuo, namjua: Idi iliyopita nilimfungulia duka asubuhi ya sala, suti yake imekunjamana kama uso wangu. Akasema, "Nidai lolote, Bayumi." Sijadai. Leo nadai, Daktari, na si la alama. Ukikubali, ukikataa, sema kwa mdomo. Usimtikisie kichwa tu.