Siku Kumi za Komando Kizimbani

Jumanne, 4 Juni

Bado analia. Tangu jana jioni mume wangu Kasiani alipomwingiza huyu mtoto wa mbwa kizimbani. Nimeshona kola nne za sare za shule, zote zimekwenda upande. Sauti yake inashinda cherehani.

Kizimba chenyewe kizuri, siwezi kukitia kasoro. Mbao nzito, mlango wa wavu, komeo la chuma. Kimewekwa kwenye kona ya chumba cha mbele, hatua tatu kutoka ninapokaa kushona. Kasiani anasema mtoto wa mbwa akizoea kizimba mapema, mchana atalala humo kwa amani bila kusumbua wateja wangu, na akikua atalinda nyumba yeye Kasiani akiwa safarini. Alimtoa kijiji cha Msanzi, kwa familia ya Wasukuma wafugaji aliowabebea mahindi kwenye lori lake la Fuso. Akampa jina Komando. Huyo Komando ana ukubwa wa kiatu.

Mimi naogopa mbwa. Mume wangu anajua. Alidhani nikimwona mdogo hofu itapungua. Haijapungua.

Jumatano, 5 Juni

Kasiani ameondoka alfajiri. Maharage mpaka Dar, halafu asubiri mzigo wa kurudi. Siku kumi hivi.

Chakula nampa kwa kusukuma sahani na mpini wa ufagio. Ugali na dagaa. Hali chochote mpaka nisogee mbali. Akiniona anatikisa mkia na kulia kwa pamoja. Amejikojolea, gunia linanuka. Kesho lazima nifungue. Nani mwingine atafungua?

Hili sijawahi kuliandika. Kaka yangu Fidelis alikufa kwa kichaa cha mbwa. Ilikuwa nyumbani kwetu, Mpui. Mimi miaka tisa, yeye kumi na tatu. Mbwa wa njiani alimng'ata kisigino, kidonda kidogo tu. Wanaume wakamwua mbwa siku ileile kwa magongo, kila mtu akaona yameisha. Hakuna aliyempeleka hospitali. Baada ya wiki sita akaanza kuogopa maji.

Basi. Inatosha.

Alhamisi, 6 Juni

Ameniuma.

Saa tatu asubuhi nilifungua mlango nibadilishe gunia. Akaruka nje. Nikashtuka, nikamshika vibaya, jino likaingia kwenye kidole gumba cha kushoto. Tone moja la damu. Sindano ya cherehani imeshanifanyia zaidi ya hapo mara nyingi. Lakini nilikaa sakafuni.

Halafu nikasimama. Nikamsukumia ndani kwa ndoo, nikafunga komeo. Nikanawa kidole kwa sabuni na maji ya bomba, robo saa nzima, naitazama saa ya ukutani. Nikaenda kituo cha afya na kandambili mbili tofauti, moja yangu, moja ya Kasiani. Nimegundua nikiwa kwenye foleni.

Muuguzi hakunicheka. Sindano ya kwanza nimechomwa. Kadi inasema nyingine Jumapili, nyingine Alhamisi ijayo. Ameuliza kama mama yake huyu mbwa alichanjwa. Sijui. Nimempigia Kasiani, naye hajui. Muuguzi akasema mbwa asiuawe na asiachiwe. Afungwe, aangaliwe siku kumi. Akiwa mzima mpaka hapo, basi hakuwa na ugonjwa aliponiuma. Akiugua au akifa, nirudi mbio.

Siku ya kumi ni Jumapili ya tarehe 16. Nimeizungushia duara kwenye kalenda.

Ijumaa, 7 Juni

Mama Zawadi, jirani, amekuja kabla sijachemsha uji. Habari imeshamfikia. "Mtoe huyo mbwa leo leo. Baba Zawadi atampiga rungu moja tu, mambo yameisha." Amesema kwa nia njema kabisa. Kasiani kwenye simu amesema hayohayo, sauti ya mtu anayejilaumu.

Nimewakatalia wote wawili. Hata yule mbwa aliyemng'ata Fidelis aliuawa. Kilichobaki kikawa kusubiri bila kujua tunasubiri nini. Mimi nataka kujua.

Saa kumi jioni amefika Leonsia, afisa mifugo wa kata, na pikipiki yake. Dada mrefu, haraka hana. Amechuchumaa mbele ya kizimba muda mrefu bila kugusa kitu. Nilidhani atanipa orodha ya dalili aondoke. Amenipa orodha, ndiyo: kuacha kula, mate kutiririka, taya kulegea, ukali usio na sababu, miguu kupooza. Nimeibandika ukutani. Lakini pia amenielekeza namna ya kuishi naye. Anasema kwa sasa anachokiona ni baridi na upweke tu, mtoto ametolewa kwa mama yake mapema mno. Nifunike kizimba kwa blanketi juu na pande tatu. Nimwekee chupa ya maji moto iliyoviringishwa kitambaa. Sahani ikae mwisho kabisa, ndani, ili aingie kwa hiari. Uani atoke mara nne kwa siku kujisaidia, kwa kamba, geti limefungwa, mimi na glavu na mabuti.

"Na akilia usimfungulie," alisema. "Subiri anyamaze, hata kama ni pumzi mbili. Hapo ndipo umsogelee. Ukimfuata akiwa analia, unamfundisha kulia."

Nimevaa mabuti ya Kasiani. Yananipwaya. Nimemtoa uani, nimemrudisha. Jasho limenitoka na baridi yote hii.

Jumapili, 9 Juni

Sindano ya pili. Bega linauma. Nilipitia misa ya pili nikasimama nyuma. Mahubiri sikuyasikia.

Siku ya tatu. Anakula. Mate hakuna. Taya sawa.

Blanketi limesaidia. Bado analia, lakini kwa vipande. Mchana amenyamaza muda wa kushona mfuko mzima wa suruali. Nikainuka haraka kabla hajaanza tena, nikampitishia kichwa cha samaki, mgebuka, kwenye wavu. Akala, akakaa akinitazama, na hakulia. Ana nyusi za kahawia. Sikuwa nimeziona.

Jumanne, 11 Juni

Ameingia mwenyewe!

Nilikuwa nimeweka sahani ndani, nyuma kabisa, kisha nikamtoa uani. Tuliporudi alipita mbele ya mabuti yangu akaingia kizimbani bila kusukumwa. Nikaacha mlango wazi mpaka akamaliza kula. Nikafunga. Nikafungua kabla hajalalamika. Nikafunga tena, nikahesabu mpaka ishirini, nikafungua. Mara ya tano alijilaza juu ya chupa yake akafumba macho, mlango umefungwa, na mimi nimesimama palepale kama mlinzi.

Nimemwita kwa jina, nadhani ni mara ya kwanza. Komando. Sikio moja likasimama lote, jingine nusu.

Sare kumi na mbili zimekamilika. Nina furaha leo. Naiandika kwa woga.

Jumatano, 12 Juni

Hajala.

Sahani ya asubuhi imebaki kama ilivyo. Mdomo nusu wazi. Mate yamelowesha kidevu mpaka kifuani. Anajikwaruza uso kwa mguu. Nimeitazama karatasi ya ukutani. Kuacha kula. Mate. Taya. Dalili tatu.

Nimempigia Leonsia. Alikuwa kijiji cha Mollo, katikati ya kuchanja ng'ombe. Akasema nisimguse, anakuja. Imemchukua saa tatu.

Saa tatu hizo nimekaa sakafuni, kando ya kizimba, mbali kidogo. Sikushona. Fidelis alipozidiwa walimfungia chumba cha uani, watoto tukakatazwa kukaribia. Nilitoroka nikakaa upande wa pili wa mlango. Nilimsikia. Sikusema neno ili wasinifukuze, na mpaka leo sijui kama alijua kwamba nipo. Leo nimesema. Nimemwambia Komando nipo hapa. Nimerudia sana, mpaka sauti ikakauka. Yeye amelala kimya, kimya kibaya, nikatamani alie.

Leonsia amekuja na glavu ndefu mpaka kiwikoni. Amemviringisha kwenye gunia, kichwa nje, akamshika taya, akamulika tochi mdomoni. Mimi nimeegemea ukuta. Amechungulia muda mrefu. Halafu akacheka, akaniambia nilete kibano.

Kipande cha mbao. Hakizidi njiti ya kiberiti. Kilikuwa kimebana kati ya meno ya juu, kimelala kwenye kaakaa kama daraja. Alikuwa ametafuna kizimba chake.

Nimelia mbele ya Leonsia, kwa sauti. Hakunikataza. Ameosha glavu, amekunywa chai, akanikumbusha kwamba siku kumi hazijaisha.

Saa kumi na moja Komando amekula ugali wote akalamba na sahani.

Alhamisi, 13 Juni

Sindano ya tatu. Siku ya saba. Amekula mara tatu. Nilimfunga kamba uani, nikapiga msasa ukingo wote alioutafuna, mpaka kiganja kinateleza. Alinitazama kazi nzima bila kulia.

Ijumaa, 14 Juni

Mama amekuja kutoka Mpui bila taarifa. Nadhani ni Kasiani amempigia. Alisimama mlangoni na mfuko wake wa ulezi, hakuingia. Nikamwamkia shikamoo. Alikuwa anakitazama kizimba.

"Ozana," akasema. "Mara ya pili, mwanangu?"

Nikamletea kadi ya sindano. Macho yake hayaoni vizuri maandishi. Akataka nimsomee mstari kwa mstari, kisha nirudie. Nikamweleza habari ya sabuni na maji, robo saa. Siku kumi. Njiti ya mbao. Akasikiliza yote akiwa amesimama. Halafu akauliza kama wakati ule sindano hizi zilikuwepo.

Ningeweza kumdanganya. Nikasema labda mjini zilikuwepo, mama.

Akakaa kwenye stuli ya wateja. "Hatukujua," akasema. Nikamwambia ndiyo, hamkujua. Akalisema tena, na mimi nikajibu tena. Tangu tulipomzika hatujawahi kulitaja jina la Fidelis tukiwa wawili. Leo tumelitaja. Tumekumbuka jinsi alivyokuwa anaiba maharage mabichi shambani na kukana huku mfuko umejaa. Mama amecheka, akajifuta kwa ncha ya khanga.

Analala hapa. Kwa Komando hasogei. Lakini jioni nilimsikia kutoka jikoni akiuliza, "Amekula?"

Jumapili, 16 Juni

Siku ya kumi. Mzima. Anakula, anabweka, anang'ang'ania kamba. Leonsia amepita asubuhi, amemtazama kila upande. Amesema hakuwa na ugonjwa. Akitimiza miezi mitatu atamchanja yeye mwenyewe.

Niliposikia hivyo sikuruka, sikupiga vigelegele. Nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba, juani. Mama akaja akakaa pembeni.

Kasiani amefika mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Akashika kidole changu, akakigeuzageuza. Kovu halionekani. Akaanza kusema samahani, hakumaliza. Nikamwambia kaa ule kwanza, halafu utafute mbao ngumu zaidi ya hizi.

Alhamisi, 20 Juni

Mama amerudi Mpui jana. Kasiani yuko gereji na Fuso lake.

Mbwa wa njiani bado nawaogopa. Leo nimevuka barabara kwa sababu ya mmoja aliyelala tu kivulini. Sitajidanganya kwamba nimepona. Huyu wa kwangu namshika bila glavu.

Nimemfungia Komando saa nne, nikaenda sokoni. Mara ya kwanza kumwacha peke yake ndani. Nilikusudia nusu saa. Nikakutana na mteja, tukazungumza habari za vipimo, ikawa saa moja na zaidi. Kurudi nilitembea haraka, nikasimama nje ya mlango nisikilize. Hakuna sauti. Nikafungua taratibu.

Alikuwa amelala chali, miguu juu, tumbo linapanda na kushuka. Akafungua jicho moja, akaniona ni mimi, akalifunga.

Nikavua viatu nisimwamshe. Nikakaa kumenya viazi.