Ukurasa Wangu Unampongeza Kila Mtu

Shangazi mpendwa, naomba msaada wako na usinicheke, maana tangu juzi situlii, nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje, hata kazini wameniuliza kama naumwa. Mimi ni mtengeneza tovuti wa chuo kimoja, na ukurasa wa kuwapongeza waliochaguliwa ni kazi yangu, nilitengeneza kiolezo kimoja tu, "Hongera, fulani, umechaguliwa," na jina la huyo fulani kiolezo kinalichota kwenye anwani ya ukurasa, kule juu baada ya alama ya kuuliza, chuo kinamtumia kila mtu linki yenye jina lake na namba yake ya maombi, basi, nikajiona fundi. Sasa juzi nafika nyumbani mama ananipokea na simu mkononi, machozi yanamtoka, "Soma mwenyewe, mdogo wako kachaguliwa," nikasoma, nikashangilia, kisha jicho likapanda juu kwenye anwani, jina lipo, namba haipo. Kesho yake nikatazama orodha ya chuo, mdogo wangu hayumo. Alichukua linki ya rafiki yake, akafuta jina na namba ya mwenzake akaandika jina lake tu, na kiolezo changu hakiulizi kitu, ukiandika jina la mbuzi, mbuzi anapongezwa.

Nilimfuata jikoni nikamuuliza linki ile kaitoa wapi, akanijibu bila kugeuka, "Kaka, usianze." Mama ni mshonaji, ameshamshonea magauni mawili ya chuo, kila mteja akiingia anafunguliwa ukurasa, na Jumatatu masomo yanaanza. Nikirekebisha kiolezo, mama ataumbuka mbele ya wateja, nikinyamaza, binti atabeba sanduku aende wapi? Na bosi akijua nilivyotengeneza, kazi sina. Nifanyeje?

Kaka Mtu

JIBU

Kaka Mtu, hebu kaa chini. Pole, najua unavyowaka ndani, lakini umechanganya mambo mawili ili usifanye hata moja.

Kiolezo ni kosa lako, hatubishani. Jina litoke kwenye orodha ya chuo, si kwenye anwani ambayo kila mwenye kidole anaiandika atakavyo. Kama mdogo wako ameweza, na wengine wameweza, na kuna akina mama wengine wanashona sasa hivi. Kesho mwambie bosi kwa mdomo wako. Atafoka, mwache afoke, lakini akisikia kwa mtu mwingine ndipo utafute kazi.

Mama naye asijue kwa kukuta ukurasa mtupu mbele ya mteja. Aambiwe leo, na binti yake mwenyewe, wateja wakishaondoka, wewe ukiwa umekaa karibu na umefunga mdomo. Magauni yatavaliwa tu, na maombi ya chuo hufunguliwa tena.

Sasa nikugombeze kwa lililoniuma. Umenieleza habari za mama, za bosi, za alama ya kuuliza, mpaka za mbuzi. Binti huyu alikosa nafasi, akalijua hilo peke yake, akajiandikia hongera kwa kuwa hakuona wa kumwambia kwamba amekosa. Wewe ndiye wa kwanza kujua, na ulichomuuliza ni linki. Nenda kwake kabla ya mama, kabla ya bosi, umwambie pole. Hongera amepewa na kila aliyeingia kwenye nyumba ile, pole hajapewa na mtu.