Vidonge Vipya vya Tawonga

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, wilaya ya Mzimba, Malawi
Tarehe 11 Juni 2013, saa 4:15 asubuhi
Jina: Tamara Nyirenda. Umri: miaka 41. Kazi: mkulima wa tumbaku. Makazi: kijiji cha Kavwenje.

Mimi ni mama mdogo wa Tawonga Mhone, miaka 17, aliyeko mahabusu hapa. Alizaliwa na virusi vya UKIMWI. Dada yangu alipofariki nilimchukua, na dawa zake nampa mimi.

Dawa za zamani zilimkausha mashavu na kumtia ganzi miguuni. Shuleni wakamwita Kibibi. Mnamo tarehe 6 Mei zahanati ilimbadilishia, kidonge kimoja kila jioni. Tulifurahi.

Wiki ya pili akaacha kulala. Akasema mama yake anamwita. Tarehe 20 Mei nesi aliniambia, "Ni ndoto tu, zitaisha. Asikatize." Tarehe 7 Juni nikarudi. Akasema vidonge vingine vipo, ila wa kumbadilishia ni daktari. "Alikuwa hapa jana, mama. Mpaka mwezi ujao."

Jana jioni Tawonga alifumba mdomo. "Ma'mdogo, leo tu nipumzike. Kinanivuruga kichwa."

Nikamwambia, "Mama yako naye alianza kuacha dawa kwa 'leo tu'."

Akameza. Kikombe nilimshikia mimi.

Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilisikia shoka kwa jirani yetu, Mzee Gondwe. Nilimkuta Tawonga anapasua ghala la mahindi. Alisema, "Mama yumo humu, anakosa hewa." Mzee Gondwe akamshika kwa nyuma, shoka likamkata mkono. Hakumlenga, hilo nililiona. Tawonga aliendelea kufukua mahindi kwa mikono mpaka akafika chini, akaniuliza, "Mmemhamishia wapi?"

Mzee Gondwe alisema, "Mfungeni huyo mchawi." Simlaumu, alikuwa anavuja damu. Lakini mtoto si mchawi. Mwezi wa nne alikuwa mzima wa akili.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo. Nimesomewa, ni maneno yangu.

Dole gumba la shahidi: T. Nyirenda

Maelezo ya afisa: Mlalamikaji ameshonwa nyuzi sita, hajaondoa shtaka. Hospitali ya wilaya imekubali kumpokea binti; gari halijapatikana. Shahidi amekataa kwenda nyumbani. Ameuliza kama jioni ampe kidonge au asimpe. Nimemjibu kwamba sijui.
Sajini W. Jere