Lugha Iliyozaliwa na Mwanawe

Mbaraki, 4 Februari 2024

Kwa Zakariya, ndugu yangu wa ziwa moja,

Hujambo? Nyumbani hawajambo? Mama hajambo. Macho yamekwisha kabisa, ila masikio bado yanasikia hata mchwa akila mlango. Mimi nilikuwa sijambo mpaka Ijumaa, Fairuz aliponionyesha kurasa za kitabu chetu pale kwenye duka lake la kuchapisha, Bondeni. Alidhani nimekwenda kufurahi.

Nakuandikia karatasi kwa kuwa simu zangu hupokei.

Miaka arubaini, Zakariya. Tangu darasa la nne tunavitunga visiwa hivi saba na lugha zake. Tulikuwa tukibuni neno, tunampelekea mamangu huko kwenu Kibokoni alikofanya kazi, akiwa anapiga pasi kanzu za babako. Mama analitamka polepole, kwa mdomo wake wa Kigiriama usiodondosha kitu. Hilo linakuwa neno la Tsenga, kisiwa kikongwe. Kisha wewe unalirudia mara thelathini mbio mbio, na pale ulimi wako unapolichakaza, hiyo inakuwa lugha ya Baro, kisiwa chenye mji na bandari. Moto kwa Mama ulikuwa pamo. Kwako ukawa hamo, mwisho ukabaki amo.

Sasa katika mchoro wako wa mti wa lugha Baro ndiyo mama wa lugha zote. Tsenga umeining'iniza chini, ukaandika "tawi lililoharibika". Haya, nieleze. Ikiwa lugha mama haikuwa na ile p, Watsenga waliiokota wapi? Waliiota? Sauti iliyokufa hairudi. Kanuni hiyo uliiandika wewe, kwa wino wa kijani, ukurasa wa kwanza wa daftari letu.

Fairuz anasema kazi ya kuchapa itaanza Mei. Urudishe mti ulivyokuwa.

Ndugu yako wa ziwa moja,
Kaingu

*

Kibokoni, 9 Februari 2024

Ndugu yangu Kaingu,

Salamu zako zimefika, na matusi uliyoyafunga nazo pia yamefika. Sisi wazima, alhamdulillahi. Nibusie Mama mkono.

Unapiga kelele kama mtu aliyenyang'anywa shamba. Hivi ni visiwa visivyokuwepo. Hakuna Mtsenga atakayelala njaa kwa mchoro wangu. Mhariri aliusoma muswada akaniuliza, bandari yenye nyumba za mawe na washairi itajifunzaje kusema kutoka kwa wagema tembo wa Tsenga? Msomaji hatalikubali hilo. Nikageuza mishale michache, basi. Hadithi zote ziko palepale, na jina lako liko jaladani chini ya langu.

Wewe una kazi yako Shimanzi ya kuandikisha malori. Aliyekaa miaka sita na kalamu ni mimi. Usinisomeshe kanuni nilizoziandika mwenyewe.

Nduguyo,
Zakariya

*

Mbaraki, 11 Februari 2024

Zakariya,

Hujambo, na usijisumbue kunijibu kwamba hujambo.

Mishale michache. Unamkumbuka mwalimu aliyesema mbele ya darasa kwamba Kigiriama ni Kiswahili kilichoanguka ngazi? Watoto walicheka mpaka kengele ikalia. Wewe ulikuwa dawati moja na mimi. Hukucheka. Ulitoa daftari ukaandika: Tsenga atakuwa mkubwa wa wote. Ulikuwa na miaka kumi. Leo una hamsini na kitu, na mhariri mmoja amekutoa uti wa mgongo kwa swali moja.

Unasema ni vya kubuni. Hapo ndipo unaponichoma. Kingekuwa kitabu cha historia ungejitetea kwamba ndivyo ulivyokuta. Lakini hiki ulikiumba. Ulikuwa na bahari nzima ya kuipanga utakavyo, na hata humo, ambamo hakuna mkoloni, hakuna liwali, hakuna mwalimu yule, ukaona lazima sisi tuwe ndio tulioharibika. Wasiokuwepo nao umewatafutia wa kuwadharau!

Mamako alipougua baada ya kukuzaa, mamangu alikuwa na mtoto wa mwezi mmoja. Alinitoa ziwa la kushoto akakupa wewe. Hakuuliza nani shina nani tawi.

Kila siku anauliza kitabu kiko wapi. Njoo Jumamosi ya tarehe 24 umsomee huo mti kwa mdomo wako, kama ulivyouchora. Ukiweza kuumaliza mbele yake, sitaandika neno tena.

Ndugu yako wa ziwa moja,
Kaingu

*

Kibokoni, 20 Februari 2024

Kaingu,

Natumai hamjambo. Nitakuja. Mwambie Mama nitamletea halua ile nyeusi. Sina la kuogopa mbele ya mamangu.

Nduguyo,
Zakariya

*

Mbaraki, 2 Juni 2024

Zakariya,

Wewe na wako mko salama, natumai. Mama anakohoa kidogo.

Siku ile ulikaa mkekani karibu na miguu yake, ukafungua kurasa, ukasoma: "Tsenga ndiye mama wa lugha zote. Baro ni mwanawe wa sita, aliyezipoteza sauti kwa haraka zake." Mama alicheka mpaka akapaliwa. Akakwambia, "Haraka zako hizo, Zakariya, tangu unanyonya." Mimi niliondoka nikaenda jikoni nikamwambia Joy, mke wangu, kwamba ndugu yangu amerudi. Nililia mbele ya sufuria. Miezi mitatu nimekusifu Shimanzi nzima, hadi makuli wamenichoka.

Jana nimenunua kitabu. Ukurasa wa tisa. Baro juu, Tsenga chini. Tawi lililoharibika.

Nikaelewa. Kurasa ulizozishika siku ile zilikuwa hizihizi. Ulimsomea kipofu kitu ambacho hakikuandikwa.

Nilikwenda nyumbani tayari kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu matatu iliponishusha Mbaraki. Mama akasikia mfuko wa karatasi. Akauliza, "Ndicho? Nisomee pale pa mti."

Wewe wanijua. Nimegombana na machifu, na mapastori, na mabosi wawili walionifukuza kazi. Sijapata kumeza neno. Nikafungua ukurasa wa tisa, nikasoma: "Tsenga ndiye mama wa lugha zote." Nikasoma mpaka mwisho, vilevile ulivyosoma wewe. Mama akakichukua kitabu, akakiweka kifuani, kisha akaniambia nikitie chini ya mto wake.

Hilo sitakusamehe. Uongo ule ulikuwa wako peke yako. Sasa tumeunyonya sote wawili.

Sitakuandikia tena. Lakini Mama anauliza lini utakuja kumsomea zile hadithi nyingine. Anasema mimi sijui kusoma, nakwamakwama.

Mjibu wewe.

Ndugu yako wa ziwa moja,
Kaingu