Jumamosi Wanakuja Kunifungua

Baba Neema,

Nakuandikia nikiwa shambani kwetu Lupiro, juu ya dungu, naamia ndege wasile mpunga. Kila nikiandika mstari nasimama nawapigia kelele, kisha nakaa tena. Usishangae mwandiko. Naogopa, mume wangu. Naogopa mno.

Jumamosi kwenu wanamaliza msiba. Nimeambiwa nioge, nikae mkekani, mdogo wako Beni aje anifungue kile kitambaa cha kaniki walichonifunga kiunoni siku tuliyokuzika. Na kwenu, unajua mwenyewe, anayemfungua mjane ndiye anayemrithi. Mama yako kanieleza kwa upole tu, huku anapepeta mchele, eti nishukuru, sitahangaika. Nikaitikia, "Ndiyo, mama."

Wao wanaamini ulirogwa. Mpaka leo jirani yetu hawamsalimii. Ni mimi peke yangu niliyeambiwa alichokwambia daktari kule Ifakara. Uliniambia Kivukoni, tunasubiri pantoni, umeegemea baiskeli kwa sababu miguu ilishakataa. "Usimwambie mtu, hata mama." Nikakuapia.

Siku hizi nakumbuka mambo madogo madogo. Unakumbuka nilivyolikaza lile gunia la mpunga kwenye baiskeli mpaka mpira ukakatika? "Legeza, mke wangu! Tunakwenda mashineni, hatuendi vitani." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sasa hayupo wa kunitania.

Beni angekuwa mtu mbaya, ingekuwa nafuu. Lakini kanipalilia shamba bila kuombwa, kamnunulia Neema viatu. Mkewe ni mjamzito. Na mimi sijapima, hata barabara ya hospitali naikwepa. Nikinyamaza akanirithi, huenda nikamuua yeye, na mkewe, na huyo aliye tumboni. Nikisema, wanaweza kunifukuza na Neema wakabaki naye. Ee Mungu wangu, mtoto wangu! Nikiwaza hapo naiweka kalamu, nasimama nawapigia ndege kelele hata kama hawapo.

Lakini nimeamua. Leo hii nashuka hapa naenda kwa mama yako. Nitampa shikamoo, nitapiga magoti, kitambaa nitakifungua kwa mikono yangu mwenyewe mbele yake. Akishaanza kupiga kelele nitamwambia: mwanao hakurogwa, mama, alikufa kwa Ukimwi. Nimejaribu kulitamka hapa peke yangu. Nilipolitamka, ndege wakaruka.

Najua utaumia. Ulitaka watu wakukumbuke vizuri, nami nilitaka hivyo hivyo. Nisamehe, baba. Kiapo changu nakivunja leo, nakuapia kingine: mtoto wa Beni atazaliwa amkute baba yake.

Pumzika, mume wangu. Niache niende sasa hivi, maana nikikaa kidogo tu nitaogopa tena.

Mkeo,
Mama Neema