Salamu ya Mama, Baruti ya Baba

Baba yangu mpenzi,

Nakuandikia kutoka bandani kwako, nyuma ya nyumba, nimekalia kigoda chako kilekile chenye mguu mfupi. Mvua ya Walthamstow inadondoka juu ya paa bila haraka, kama isiyojua inyeshe au iache. Mbele yangu maganda ya risasi yamesimama kwenye sahani yake ya matundu, midomo juu, matupu. Nusu saa iliyopita karibu yote yalikuwa na baruti. Nitakueleza yaliyotokea. Na kabla hujanuna kwamba naandika mahali pasipoandikiwa barua, ujue kopo la baruti nimelifunga na kulirudisha kabatini.

Ungenicheka ukiniona. Nimevaa sweta yako ya kijivu, ile iliyotoboka kiwiko, na miwani ya kukinga macho inayonishuka puani kila ninapoinama. Humu ndani bado kuna harufu yako: mafuta ya mashine, shaba, na mbao zilizonyonya unyevu wa miaka mingi. Wakati mwingine nikikaa kimya vya kutosha sijui kama nakumbuka au naota. Naiona mikono yako, nasikia mkono wa mashine ukishuka na kupanda, na mwanga wa dirisha dogo unakuwa ule wa Jumamosi zetu asubuhi, wa rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi.

Watu hawakuamini kwamba wewe, mtu wa maneno mengi, ndiye uliyependa kazi ya kimya namna hii. Wiki nzima pale stesheni ya Stratford ulikuwa ukijibu watu: treni ipi, ngazi ipi, mzigo umepotea, mtoto amepotea. Ukirudi nyumbani sauti imekukauka. Jumamosi ukishakunywa chai unaacha simu jikoni, juu ya friji, unavuka kile kibustani chetu kwa makubadhi, na huko ndani hakuna redio, hakuna mazungumzo. Nilipokuuliza unapata raha gani kutengeneza risasi ambazo dukani zinauzwa tayari, ulinijibu, "Hapa hakuna anoniuliza treni ya Liverpool Street."

Lakini ukaniita nikuwekee jicho la pili. Nilikuwa mtu mzima tayari, na kazi yangu ya ofisini, na bado nilijisikia kama nimealikwa mahali pa watu wakubwa. Ulikuwa umeshanivuta kwenye klabu yako ya kulenga shabaha, umenisimamia mpaka nikapata leseni yangu ya bunduki, lakini bandani ulinikaribisha mwisho. Ukanionyesha kwamba risasi ni ganda, fataki ya kuwashia, baruti na kichwa, basi. "Cha tano ni akili yako," ulisema, "na hiyo madukani hawauzi." Ukanifundisha kulizungusha kila ganda mwangani kutafuta ufa, kulisafisha, kulirudisha umbo lake kwenye mashine. Kule uwanjani ulikuwa ukiinama kuokota maganda yako tu. Ya wenzio huyagusi hata yakiwa yanang'aa vipi. "Haya siyajui yamepitia nini," ulisema, na nikakuona unavyoyatazama kwa adabu, kama wageni waliokaa meza ya pili.

Kisha ikaja saa ya baruti, na hapo ndipo ulipokuwa ukibadilika kabisa. Hata pumzi ilikuwa ndogo. Unapima, unamimina, unahamia ganda linalofuata, unapima. Nilikutazama nikasahau baridi ya miguu.

Na kila mara, katikati ya sahani, sauti ya mama kutoka mlango wa jikoni: "Assalaam alaykum!"

Ungeweza kunyamaza. Mwingine angenyanyua kidole, au angesema baadaye kwamba hakusikia. Wewe ulikuwa ukiweka chini kikombe cha kupimia, unageuza uso mlangoni na kuitika kwa sauti nzima, "Wa alaykumu salaam warahmatullah!" Halafu unashusha pumzi, unalichukua ganda moja baada ya jingine na kurudisha baruti yote koponi. Yote. Hata zile safu ulizokwisha kuzikagua. Unaanza upya, bila kunung'unika. Mimi ndiye niliyenung'unika. Nilikwambia mama ataifanya kazi ya saa moja iwe ya kutwa nzima, ukacheka tu. "Mtu hakatai salamu," ulisema. "Baruti inangojea."

Baba, tangu utuache mama hajalisemesha banda. Kupita anapita, kuanika nguo anaanika, lakini uso anautazamisha kwa jirani. Siku tulipomaliza kutoa nguo zako sadaka, aliniambia huku anafunga mfuko: "Na kile kibanda nacho kiondoke. Sitaki baruti nyumbani kwangu tena. Huyo Kanti aje achukue hiyo mashine, mimi ntatia washing machine."

Mzee Kanti, mwenzio wa klabu, akaja kutoka Kenton, amevaa tai, maana alisema hawezi kuingia mahali pako na fulana. Unamjua alivyo. Aliishika mashine, akaupandisha mkono wake, akaushusha, halafu akanigeukia na Kiswahili chake cha Mombasa kisichopata kutu: "Mwanangu, mimi naweza kuibeba hata leo. Lakini wewe wataka iende?"

Sikujua kama sitaki mpaka aliponiuliza. Nilijikuta nalia mbele ya mtu mwenye tai. Kaburi lako liko mbali na basi linachelewa, na pale naona jina lako tu kwenye jiwe. Humu bado upo. Nilimwambia nataka kujifunza mwenyewe, tangu mwanzo, niifanye kazi yote kwa mkono wangu. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, amesikia. Hakugomba. Alisema tu, "Mpaka Ramadhani. Roho yangu isipotulia, Kanti anakuja na gari." Nikamwambia haya. Bunduki yako ikaandikishwa kwa jina langu, polisi wakaja kutazama kabati na kufuli, wakanywa chai ya mama, wakaenda zao.

Basi Jumamosi zikawa za Mzee Kanti na mimi. Nilidhani naijua kazi kwa sababu niliitazama sana. Kutazama ni kitu kingine kabisa. Mikono yangu ilikuwa na haraka ambayo sikuwahi kuijua. Siku ya kwanza ya baruti nilikuwa nimefika katikati ya sahani, najisifu moyoni, Mzee Kanti akaniambia kwa upole mtupu, "Hujambo, binti?"

"Sijambo, shikamoo," nikamjibu, nikaendelea na ganda linalofuata.

Hakuitikia shikamoo yangu. Alinyoosha mkono akaivuta sahani kwake. "Kati ya hujambo na sijambo," akasema, "umejaza lipi, na lipi hukujaza?"

Nikatazama. Sikujua, baba. Wallahi sikujua. Alinieleza kwamba ganda lililojazwa mara mbili linaweza kupasua bunduki mbele ya uso wangu, na lililosahauliwa linaweza kukwamisha kichwa ndani ya mtutu, risasi inayofuata ikakuta njia imezibwa. Kisha akayamwaga yote koponi kwa mkono wake, taratibu, na mimi nikaona mkono wako. Ndipo nilipoelewa kwamba kule kumwaga kwako kote hakukuwa adabu peke yake. Ulikuwa ukimwitikia mama, kisha ukihakikisha unarudi kwake na uso wako mzima.

Mzee Kanti akacheka peke yake. Akaniambia aliwahi kukuletea kibao cha kutundika mlangoni, kimeandikwa watu wasigonge, ukamrudishia. "Nikamwambia, bwana, mke wako akuharibia kazi kila Jumamosi. Baba yako akanambia, 'Yule haniharibii. Yule anauliza kama nipo. Nimwambie angoje?'"

Maneno hayo niliyabeba mpaka jikoni. Mama alikuwa anakuna nazi, kwa sababu za kopo hazitaki hata umbembeleze vipi. Nikamuuliza moja kwa moja kama alijua kwamba kila akikusalimia wewe unamwaga kila kitu.

"Nlijua."

"Sasa mama, kwa nini usingoje atoke?"

Hakuacha kukuna. "Mtu kajifungia na baruti, mie niko huku, ntajuaje kama mzima? Nikibisha hodi ntamshtua. Nikimwita jina atadhani kuna jambo. Salamu haishtui mtu. Akishaniitikia nnarudi kwenye sufuria zangu, roho imetua." Halafu akaniangalia, macho mekundu, akasema, "Siku ile ya hospitali nlimtolea salamu pia. Nlimtolea, nlimtolea."

Nilimshika mkono na nazi yake. Nilielewa kwa nini halisemeshi banda, na nikajua kwamba Ramadhani ikifika sitakuwa na neno la kumpinga. Ningewezaje? Kumwekea mtu tena mlango ambao anaogopa kuusalimia, kisa mimi namkumbuka baba yangu?

Ramadhani ni wiki ijayo. Mzee Kanti ameshaazima gari la mpwa wake, lije kesho.

Kwa hiyo leo asubuhi niliingia humu kuaga. Sikumwambia mtu. Nilitaka nifanye sahani moja peke yangu, bila Mzee Kanti, bila jicho la mwingine, halafu nifute meza na kuikabidhi. Nikaacha simu juu ya friji, mahali pako. Nikakagua maganda mwangani, nikapachika fataki, nikafungua kopo. Mvua ikaanza. Na baba, ile haraka haikuwepo. Nilipima nikamimina, nikahama, na kwa muda fulani sikuwa Walthamstow wala popote. Nilikuwa ndani ya ule utulivu uliokuwa ukiuingia wewe, na nilikuwa na hakika kwamba nikigeuza shingo kushoto nitaiona sweta ya kijivu, wakati sweta nilikuwa nimeivaa mimi.

Sahani ilikuwa karibu kujaa niliposikia mlango wa jikoni. Makubadhi yakatoka hadi kizingitini, yakasimama. Nikadhani amekuja kuanua nguo.

"Assalaam alaykum!"

Sauti ilikuwa nyembamba, imekwaruza, lakini ilielekezwa huku. Kwenye banda.

Nikaweka chini kikombe cha kupimia. Nikageuza uso mlangoni, na nikaitika kwa kifua chote, kama ulivyokuwa ukiitika wewe: "Wa alaykumu salaam warahmatullah, mama!"

Kisha nikamsikia anashusha pumzi, anajifuta pua. "Haya," akasema. "Mpigie Kanti, mwambie hilo gari asije nalo." Na makubadhi yakarudi ndani, kwenye sufuria.

Nimelia, sikufichi. Nimevua miwani nikalia nikiwa nimeelekeza uso pembeni, mbali na meza, kama ulivyonifundisha kupiga chafya. Halafu nikachukua ganda moja baada ya jingine, nikarudisha baruti yote koponi, hata ile niliyokuwa na hakika nayo, nikafunga, nikatafuta karatasi nikuambie.

Mkono umetulia sasa. Nakuacha hapa, baba yangu, niweke kalamu mbali na kufungua kopo tena. Mama akinisalimia kabla sijamaliza, nitaanza upya, na akinisalimia tena, nitaanza tena. Siku nzima ni yetu.

Bintiyo, niliye bandani