Nyamal wa Eldoret

Buluk, Juba
Jumapili, 18 Mei

Kwa kaka yangu Makuach,

Pokea salamu zangu kwanza, kwa sababu Mama alitulea tusianze neno na mtu kabla ya kumjulia hali, na mimi bado ni mtoto wa Mama hata kama wiki hii hanitaki. U mzima? Mgongo wako unakusumbua bado wakati huu wa baridi? Watoto siulizi, na mbele nitakueleza kwa nini. Sisi huku tuko salama kwa mwili. Presha ya Mama ilipanda juma lililopita, sasa imeshuka. Mvua imeanza na uwanja wetu umejaa tope, lakini tumezoea.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu zangu hushiki. Barua hii utaletewa na Mwangi, yule dereva wa lori wa Nakuru. Analala Nesitu leo, na kesho alfajiri nitampelekea mwenyewe kabla hajashika barabara ya Nimule. Nimemwomba akupe mkononi na asiondoke mpaka ameona umeifungua.

Nina hasira, Makuach. Nimejaribu kuandika barua hii kwa upole mara tatu nikachana. Basi isome kama ilivyo.

Unakumbuka siku ya matokeo yangu ya kidato cha nne. Ulinibeba begani mtu mzima mimi, kutoka mlangoni mpaka kwenye kibanda cha mama mboga, ukiwatangazia watu kwamba daktari wao ndiye huyu. Nililia siku ile kwa furaha. Kisha Mama akaugua, akasema kama ni kufa atafia kwao, nami nikamsindikiza Juba kabla vyeti havijafika shuleni. Wewe ukabaki Nakuru. Ukaniambia, "Nenda na Mama, cheti niachie mimi."

Miezi miwili baadaye ulipiga simu ukilia. Ulisema nyumba ya kupanga imeungua: godoro, nguo, sufuria, na cheti changu ndani yake. Nami nikakufariji! Nikakuambia karatasi ni karatasi, uhai ndio mali. Mama akatoa mablanketi yake mawili mapya akakutumia kwa basi, yeye akajifunika leso msimu mzima wa mvua.

Nilijipa moyo kwamba cheti kingine kitapatikana nikiwa tayari kukitumia, nikaanza kujitayarisha. Hujawahi kuniuliza nilijitayarisha vipi, kwa hiyo nitakuambia. Asubuhi nauza katika duka la dawa hapa Buluk. Mchana nakwenda kwenye ukumbi wa kanisa, ambako mwalimu Pitia anatufundisha sisi saba tunaotaka kuomba udaktari. Pitia alikulia Arua, Uganda, ukimbizini kama sisi tulivyokulia Nakuru, na Kiswahili chake ni kile cha huko. Maabara hatuna. Alituchemshia karkade, yale maua mekundu ya kunywa, chai yake akaigawa katika vikombe, akatuambia tutie ndimu, halafu maji ya majivu, tuangalie rangi. Ndimu inaifanya nyekundu kama damu, majivu yanaigeuza kijani. Hivyo ndivyo nilivyojifunza asidi na besi, kaka, kwa vikombe vya chai. Nilikuwa nakosea hesabu za kemia kwa sababu ya pupa, na Pitia alikuwa akiniambia, "Wewe iko na kichwa, Nyamal, lakini iko na haraka. Mgonjwa itakufa na haraka yako." Nikapunguza haraka. Mwaka mzima na nusu, kaka. Wanaoomba ni wengi kupita kiasi na viti ni vichache, na katika majaribio ya mwezi wa tatu nilikuwa wa kwanza kati yetu saba. Pitia hakunisifu. Alininunulia kalamu mbili akaniambia nijaze fomu.

Fomu inataka cheti. Sisi tuliosoma nje lazima vyeti vyetu vipite kwanza katika ofisi inayovilinganisha na vya hapa, na faili lisilo na barua ya ofisi hiyo halipokelewi. Huko kuna karani mmoja, mzee Lokosang, mtu wa miwani minene na maneno machache. Nilimweleza habari ya moto. Alinihurumia kweli, akasema, "Malesh, binti," akanisaidia kuandika maombi ya cheti mbadala kwenda Kenya. Nikasubiri wiki tano.

Alhamisi ya tarehe nane aliniita. Nilikwenda nikiwa nimevaa gauni langu la kanisani, nikidhani ninakwenda kuchukua karatasi. Aliniketisha kwenye benchi mbele ya watu, akasema, "Binti, hii jina iko na watu wawili." Jibu lilikuwa limetoka. Cheti changu hakikuungua. Miaka miwili iliyopita kilihakikiwa kwa maombi ya chuo cha uuguzi kule Eldoret, na mwenye nacho ni mwanafunzi wao mpaka leo. Nyamal Riek Puok, namba yangu ya mtihani, shule yangu, alama zangu. Akaniuliza mbele ya benchi zima, "Kati yenu moja ni mwizi. Ni wewe?"

Sijawahi kuulizwa hivyo maishani mwangu, Makuach. Watu waligeuka kunitazama. Mwanamke mmoja akavuta mkoba wake karibu.

Kisha Lokosang akageuza skrini ya kompyuta anionyeshe picha ya mwanafunzi huyo. Nikamwona mke wako. Atong, ndani ya sare ya buluu, na chini ya shingo yake jina langu.

Lokosang akaniuliza kama ninamjua mwanamke yule. Nikasema simjui. Nilimwambia mzee wa watu, aliyenisaidia, uongo wa macho makavu, kwa sababu niliwaona watoto wenu mbele yangu, na kwa sababu wewe ni kaka yangu. Akafunga faili langu, akasema bila maelezo ya maandishi na sahihi yangu hataweza kunipa barua, na kwamba maombi yanafungwa Ijumaa ya wiki inayofuata saa tisa alasiri. Nilikuwa na siku nane.

Nilimpigia Atong jioni ile ile. Nilijitayarisha kumtukana. Aliposikia sauti yangu akaanza kunishukuru! Akasema kila mwezi anakuomba unifikishie asante, je, zilinifikia? Nikamuuliza asante ya nini. Kidogo kidogo akanieleza. Ulimwambia nimeolewa Juba na ofisa wa jeshi kule Bilpam, kwamba shule nimeikataa mwenyewe na cheti nimempa yeye kama zawadi ya shemeji. Ulimletea hata barua yangu, ambayo mimi sikuiandika, akaiweka ndani ya Biblia yake. Nilipomwambia sijaolewa, kwamba kila mchana niko kwenye ukumbi wa kanisa nikisoma kemia, nilisikia simu ikianguka. Alipoiokota tena alikuwa akilia, akasema, "Nyamal, mimi nikiitwa Atong siku hizi sigeuki." Nikamuuliza kuhusu moto. Akauliza moto gani. Nikamuuliza kuhusu mablanketi. Akasema wanajifunika mpaka sasa, na kwamba ulimwambia umeyanunua mjini.

Simsafishi Atong. Alijua kwamba mtu mmoja hawezi kusomea kwa jina la mwingine, hata kama amepewa. Lakini yeye alikosea akidhani amepewa. Wewe ulijua.

Ndipo nikakupigia wewe, na ile siku moja ulishika. Nilingoja ukane. Ningependa ungekana, ningekuamini kwa usiku mmoja nilale. Badala yake ulipaza sauti. Ulisema nani aliacha shule kidato cha pili ili mimi niendelee? Nani alibeba mawe na saruji kwenye mjengo mpaka mgongo ukapinda? Ulisema, "Hicho cheti ni cha jasho langu, na mimi nimekipeleka kwenye nyumba yangu." Halafu ukakata simu.

Nimelifikiria neno hilo siku zote hizi. Ni kweli uliacha shule. Ni kweli nilikula, nikavaa, nikasoma kwa mikono yako, na kila nilipomwona Mama akikuombea nilisema amina kwa nguvu kuliko yeye. Ungeniita ukaniambia, "Nyamal, nimechoka, sasa zamu yako kufanya kazi, msomeshe Atong," ningefanya. Naapa mbele ya Mungu ningeuza dawa mpaka usiku nimsomeshe. Lakini hukuniomba chochote. Ulichukua jina langu ukaliweka kifuani pa mtu mwingine, ukaniacha hapa nikihesabu matone ya ndimu kwenye karkade kama mjinga, nikijitayarisha kwa mlango uliokwisha kuufunga wewe. Na kila Krismasi ulinipigia ukaniuliza, "Daktari wetu, masomo yanaendaje?" Hilo ndilo siwezi kulimeza. Kuiba ni kuiba, lakini ulinitia moyo, Makuach! Ulinitia moyo kwa sauti ile ile uliyodanganya nayo.

Mama nilimwambia Jumanne. Nilidhani atapasuka kwa hasira kama mimi. Aliendelea kuchambua mchele, mwisho akasema nisiandike kitu chochote ofisini. Alisema baba yetu aliacha mtoto wa kiume mmoja tu. Alisema mwaka utakuja mwingine, na shule itakuwepo, lakini kaka akifungwa nani atasimama katika nyumba hii. Nikamuuliza kama ningekuwa mimi niliyeiba cha kwako, angemwambia nani anyamaze? Alinishika mikono yote miwili akaniomba, Mama yetu, akaniomba mimi kama anavyomwomba Mungu. Nikamwambia nitafikiri.

Sasa nakuambia nililofanya, na nataka ulisikie kutoka kwangu, si kwa mtu mwingine.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa Lokosang. Nilimwambia kwanza kwamba nilimdanganya. Kisha nikaomba karatasi, nikaketi kwenye benchi lile lile, nikaandika kurasa tatu. Niliandika jina la Atong na kwamba ni shemeji yangu. Niliandika jina lako, Makuach Riek Puok, na kwamba wewe ndiye uliyetia sahihi kwenye daftari la shule na kuchukua cheti, kwa sababu ndivyo ilivyo. Niliandika pia kwamba ulinisomesha, kwa sababu hilo nalo ndivyo lilivyo. Jina lako nililirudia chini yake kwa herufi kubwa lisomeke. Nikatia sahihi na dole gumba. Lokosang alisoma yote, akavua miwani, akasema, "Hii ni ndugu yako ya tumbo moja?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Khalas," akagonga mhuri, akanipa barua. Nakala moja imekwenda Kenya. Saa nane na dakika arobaini faili langu lilipokelewa chuoni. Ninafanya mtihani wa kuchaguliwa Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi.

Faili langu lilipokelewa kwa sababu nilikutaja, kaka. Hakukuwa na njia nyingine, na hata kama ingekuwepo, sijui kama ningeitafuta. Hilo la pili ndilo ninaloungama kwako. Nilipotoka ofisini sikuwa na huzuni. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa mwepesi, na wepesi ule unanitisha.

Kuna jingine. Atong hakwenda Kitale kumtembelea dada yake kwa likizo kama alivyokuambia. Alhamisi aliingia mwenyewe kwa mkuu wa chuo, akavua kitambulisho akakiweka mezani, akasema jina lake. Nilikuwa nimemwambia kwa simu kwamba siku yangu ya kuandika ni Ijumaa, akasema hatangoja atajwe. Wamemsimamisha, na polisi wamechukua maelezo yake. Yuko Kitale kweli, lakini amekwenda kukaa, na watoto wako naye. Anasema usimfuate mpaka akuite. Ndiyo maana sikukuuliza juu yao.

Nadhani watakuja kwako pia. Usikimbilie Uganda, na usiwaambie kuhusu moto. Ukisema kweli, nitapanda basi nije nisimame mahakamani niseme yote uliyonifanyia mema, moja baada ya jingine, na sitapunguza hata moja. Ukisema uongo sitakuja.

Mama hajui kwamba ninakuandikia. Tangu Ijumaa ananiwekea chakula na kuondoka kabla sijakaa, kwa hiyo salamu zake sina, naye hajanituma. Nakutumia zangu. Ukizungumza na watoto kwa simu, waambie shangazi anawasalimu, na wakikuuliza kwa nini mama yao hayupo, wewe ndiye wa kuwajibu. Mungu akulinde mgongo na akupe moyo wa kusimama.

Sijakusamehe. Nikikusamehe nitakuandikia tena.

Ni mimi dada yako,

Nyamal Riek Puok